Namba za Rilei Si za Kudesa

Kila mtu hapa chuoni anajua desa ni nini. Ni karatasi za mwaka juzi zilizopita mikono kumi, majibu yamenakiliwa mpaka na makosa ya yule wa kwanza. Desa likikuangusha unakula supu, unarudi chuo wenzako wakiwa bado likizo, maisha yanaendelea. Hasara ni yako peke yako. Lakini kuna desa jingine linalotembea huko makazini, kwenye fani yetu ya umeme, na hilo likikosewa hasara haimpati aliyelinakili. Inampata mtu wa Mpemba au Mlowo ambaye hajawahi hata kusikia neno rilei.

Nazungumzia namba zinazowekwa kwenye rilei za ulinzi, pamoja na lojiki inayoandikwa ndani yake. Msimamo wangu ni huu: anayehitimu uhandisi wa umeme katika nchi hii atoke chuoni akiwa amepanga rilei walau moja kwa mkono wake, na ameandika kwa nini amechagua kila namba. Kwa sasa wengi wetu tunatoka na fomula kichwani, basi.

Wenzangu wa sheria, biashara na ualimu, msifunge jarida kwanza, jambo lenyewe halihitaji hesabu nyingi. Kwenye kituo cha kupoza umeme kuna breka na kuna rilei. Breka ndiyo inayokata umeme. Rilei ndiyo inayoamua ikate lini. Zamani rilei ilikuwa na sahani ya chuma inayozunguka, mfano wa ile ya mita za kabla ya LUKU. Siku hizi ni kompyuta ndogo. Unachomeka laptopu, unafungua programu, unaingiza namba zako, unachora lojiki, unaituma. Kuanzia hapo rilei inapima mkondo na volti muda wote, usiku na mchana. Mkondo ukivuka namba uliyoiweka, inahesabu muda, kisha inaiamuru breka ifunguke. Mtaani tunasema umeme umetripu.

Kwa rilei ya kawaida ya kulinda laini, namba mbili ndizo za msingi: mkondo wa kuanzia, na muda wa kusubiri. Tuchukue mfano wa darasani. Kwa mkunjo wa kawaida wa IEC, ukiweka ianzie ampia 200 na kizidishio cha muda 0.1, shoti ya ampia 2,000 itakatwa baada ya kama sekunde 0.3. Rilei iliyo nyuma yake, karibu zaidi na chanzo cha umeme, ukiipa mkondo huohuo na kizidishio cha 0.2, itasubiri kama sekunde 0.6. Ile tofauti ya sekunde 0.3 ndiyo inayofanya shoti ya kijiji kimoja ikatwe kijijini hapohapo na mji uendelee kuwaka. Zote mbili ukizipa 0.1 zitakimbizana, na tawi moja la mti litazima wilaya nzima.

Mpaka hapo fomula inatosha, na mtihani wetu unaishia hapohapo. Kazi yenyewe inaanzia mbele ya hapo.

Mwaka jana nikiwa fildi, kwenye kiwanda kimoja cha Nyanda za Juu Kusini ambacho sitakitaja, nilionyeshwa paneli yenye rilei nne za kisasa. Nikamuuliza fundi mkuu kwa nini kizidishio cha muda kimewekwa 0.15. Ni mtu mzima, ninamwamkia shikamoo, na mitambo ile anaijua kwa kuisikiliza tu. Akacheka. "Dogo, hiyo tuliikuta." Na lojiki je, fundi? "Nayo tuliikuta. Aliyekuja kufunga ndiye aliyeiweka, akaondoka na faili lake." Tukapitia rilei ya pili, ya tatu na ya nne kwenye kioo. Namba zilezile, ingawa moja inalinda mota kubwa na nyingine inalinda transfoma. Sasa mota ikiwashwa huvuta mkondo mara tano, sita au hata zaidi ya ule wa kawaida, kwa sekunde kadhaa. Transfoma ikiingizwa umeme huvuta mkondo mkubwa sana, ila kwa muda mfupi mno. Vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa, vimevalishwa shati moja.

Simlaumu fundi yule hata kidogo. Hakuna aliyemwachia karatasi yenye sababu. Ninachokilaumu ni hilo neno "tuliikuta", kwa sababu lina historia ndefu na chafu, na haikuanzia kwetu.

Tarehe 9 Novemba 1965, kwenye kituo cha Sir Adam Beck namba 2, upande wa Kanada wa mto Niagara, rilei moja ya akiba ilikata njia moja kati ya tano za kilovolti 230 zilizokuwa zikipeleka umeme kuelekea Toronto. Hapakuwa na shoti yoyote. Rilei ile iliwekewa namba yake mwaka 1963, na toka hapo mzigo wa njia ulikuwa ukipanda mpaka jioni ile ukaifikia. Njia nne zilizobaki zikabebeshwa mzigo wa ile moja, nazo zikakata ndani ya sekunde chache. Umeme uliokuwa ukienda Toronto ukageukia New York, gridi ikachanika vipandevipande, na watu wapatao milioni 30 wakabaki gizani, wengine kwa saa 13. Uchunguzi ulieleza kwamba waendeshaji hawakujua kuwa rilei ile imewekwa kukata kwa kiwango kile. Yaani na wao waliikuta.

Rilei haikuharibika. Ilifanya ilichoagizwa, ila agizo lilikuwa la mwaka 1963.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa Tunduma. Anayeijua Tunduma anajua kwamba ule mji hautulii: malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, gesti mpya kila kona, mafundi wa kuchomelea mageti, na mafriza. Shangazi yangu anauza samaki na kuku wa friza pale. Vwawa nayo imekuwa makao makuu ya mkoa tangu Songwe ilipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Mbozi mashine za kukoboa kahawa na kusaga mahindi zinaongezeka. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza mkondo kwenye laini. Wakati huohuo laini zenyewe zinarefuka. Mpango wa REA ulilenga vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kwa vijiji vingi kupata umeme kulimaanisha laini ya kilovolti 33 kuongezewa tawi, na tawi kuongezewa tawi.

Hapo ndipo namba inapobanwa pande zote mbili. Tuseme fida ina mzigo wa ampia 120 saa za jioni, na shoti ikitokea mwisho kabisa wa laini inatoa ampia 260. Ukiweka rilei ianzie ampia 180, uko salama: iko juu ya mzigo na chini ya shoti. Miaka inapita. Mzigo unafika ampia 170. Laini imerefushwa, na kwa kuwa waya mrefu una ukinzani mkubwa zaidi, shoti ya mwisho wa laini sasa inatoa ampia 200 tu. Ukiiacha ile 180, siku mashine zote zikiwashwa pamoja fida inatripu na watu wanapiga simu kwa hasira. Ukiipandisha iwe mara moja na nusu ya mzigo kama mwanzo, inakuwa 255, na hapo shoti ya kijiji cha mwisho rilei haiioni kabisa. Waya utalala chini ukiwa na umeme.

Na waya kulala chini si hadithi ya kutishana. Ukikatika na kuangukia mchanga mkavu, mkondo unaopita ardhini unaweza kuwa ampia chache tu, pungufu ya unaovutwa na mashine moja ya kusaga. Rilei ya kawaida itaona ni matumizi ya kila siku. Inahitajika kinga nyingine ya mkondo wa ardhini, iliyowekwa chini sana, nayo ukiishusha kupita kiasi itakata kila mvua ikinyesha na vikombe vya nguzoni vikilowa. Sisi wa Songwe mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili, na zinakuja na radi.

Mwanafunzi mwenzangu, jibu la hapo ni lipi? Hakuna fomula inayokupa. Unaweza kuigawa laini kwa breka ya katikati yenye rilei yake, ili kila rilei iangalie kipande kifupi. Unaweza kutumia kinga inayoangalia kutolingana kwa nyaya tatu badala ya kuangalia ukubwa wa mkondo peke yake. Unaweza kuamua kwamba ni afadhali fida itripu mara tatu kwa wiki kuliko mtoto akanyage waya. Huo wote ni uamuzi, na uamuzi unatakiwa uwe na mwenyewe na uwe na sababu iliyoandikwa. Ukinakili namba kutoka kituo cha jirani umenakili pia mzigo wake, urefu wa laini zake na udongo wake, vitu ambavyo wewe huna.

Lojiki nayo ina mambo yake. Rilei za zamani ziliunganishwa kwa nyaya nyuma ya paneli. Ukitaka kubadilisha tabia unashika bisibisi. Za sasa unachora kwa laptopu, ukitumia maneno matatu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anayo: NA, AU, SI. Mfano: "amri ya kukata imetolewa NA mkondo bado unapita NA sekunde 0.2 zimeisha" maana yake breka imegoma, basi ikatwe breka ya nyuma yake. Mfano mwingine: laini nyingi zina utaratibu wa breka kujirudisha yenyewe baada ya kutripu, kwa sababu shoti nyingi za radi na matawi hupita zenyewe. Lakini mafundi wakiwa kazini kwenye laini lazima utaratibu huo uzimwe. Ndani ya rilei sharti hilo ni SI moja tu: jirudishe, kama SI muda wa kazi. Ikisahaulika SI hiyo, au ikiunganishwa na swichi ambayo mwaka uliopita ilihamishiwa waya mwingine, rilei itatii ilivyochorwa. Haijui kwamba juu ya nguzo kuna mtu.

Darasani lojiki tunaisoma, lakini kwa kuwasha taa ndogo za rangi kwenye ubao. Hakuna anayetuambia kwamba SI ileile tunayoichora kwa penseli inaweza kuwa roho ya mtu huko Ileje.

Na Tunduma inaelekea kubeba mzigo mzito zaidi ya huu. Mradi wa TAZA, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2018, Wafaransa na Umoja wa Ulaya nao wakichangia, ni wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600. Pale Tunduma njia inachepuka kuvuka mpaka hadi Nakonde, kuungana na gridi ya Zambia ambayo njia zake kuu ni za kilovolti 330. Kaskazini tumeshaungana na Kenya kwa kilovolti 400, kutoka Singida kupitia Arusha hadi Isinya. Kwa hiyo mji tuliouzoea kwa malori unakuwa mlango kati ya umeme wa Afrika Mashariki na umeme wa kusini mwa Afrika.

Mlango wa namna hiyo unalindwa na rilei. Kabla breka ya kuunganisha gridi mbili haijafungwa, rilei inahakikisha volti, masafa na pembe za pande zote zinakaribiana. Je, zikaribiane kwa kiasi gani? Ni namba, na kuna mtu ameichagua. Gridi mbili zikishaungana na moja ikatikiswa, nguvu huyumba kwenda na kurudi. Rilei ya umbali, ile inayogawanya volti kwa mkondo ili kujua shoti iko mbali kiasi gani, inaweza kuudhani myumbo huo ni shoti na kukata njia nzima. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, Marekani, rilei ya aina hiyo kwenye njia ya kilovolti 345 iliona volti ndogo na mkondo mkubwa, ikadhani ni shoti ya mbali, ikakata. Ulikuwa mzigo uliozidi tu, baada ya njia nyingine kuanguka kabla yake. Kuanzia hapo giza lilisambaa mpaka likafikia watu wapatao milioni 50. Nani atakayekuwa anaijua sababu ya kila namba pale Tunduma miaka kumi baada ya mkandarasi kufunga virago? Ningependa awe mmoja wetu, na ikiwezekana awe ametoka hukuhuku.

Nimeshaijadili hoja hii hosteli mara nyingi, najua majibu yanayokuja.

La kwanza: "Hiyo ni kazi ya mtengenezaji wa rilei." Hapana. Mtengenezaji anakuuzia rilei yenye namba za kiwandani, ambazo zipo ili ubadilishe. Hajui laini yako ina kilomita ngapi. Hata mkandarasi anajua mzigo wa siku aliyokabidhi mradi, hajui wa mwaka wa sita.

La pili: "Chuo hakina hela." Kweli rilei mpya ni ghali, na mashine ya kuijaribu ni ghali zaidi. Lakini programu za kupangia watengenezaji wengi wanazitoa bure, na nyingi zinakuruhusu kuandaa faili zima la mipangilio bila rilei kuwepo. Mkunjo wa IEC unachorwa kwenye karatasi ya grafu au kwenye laptopu yoyote yenye programu ya majedwali. Na viwanda vinapobadilisha mitambo huwa vinang'oa rilei nzima na kuzitupa stoo. Barua moja ya idara inaweza kuleta mbili.

La tatu ndilo linaloniuma: "Mwisho wa siku tunataka GPA." Sawa, na mimi naitaka. Basi jambo hili liwekewe maksi. Tukilipa uzito kwenye matokeo, hata wenye madesa watakaa chini wajifunze.

Ninachopendekeza hakihitaji kamati ya kitaifa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe fida yake ya kubuni, tofauti na ya jirani yake: urefu, waya, mzigo, transfoma. Ahesabu mikondo ya shoti, achague namba, achore lojiki ya kugoma kwa breka na ya kujirudisha, halafu aandike ukurasa mmoja wa sababu. Kisha asimame dakika kumi mbele ya mhadhiri na fundi mmoja wa kutoka kazini, aulizwe: kwa nini 180 na si 255? Katikati ya semista abadilishiwe mzigo, arudie. Hiyo ya kurudia ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ndivyo maisha ya laini yalivyo. Desa halitafua dafu hapo, maana fida ya mwenzako si yako.

Barua za fildi nazo ziongezewe mstari mmoja, kwamba mwanafunzi aonyeshwe faili la mipangilio ya rilei walau moja pamoja na sababu zake. Pale ambapo faili halipo, mwanafunzi asaidie kulitengeneza chini ya msimamizi, nakala ibaki kazini. Kiwanda kitafaidika, na sisi tutakuwa tumejifunza kitu zaidi ya kubeba toolbox na kuchemsha chai.

Serikali yetu ya wanafunzi inajua kupigania boom, na inafanya vizuri. Ila boom linakusaidia mpaka siku ya mahafali. Naomba wawakilishi wetu waupeleke muhtasari wa hoja hii kwenye kikao kijacho na idara, kama ajenda na si kwenye mengineyo. Na wewe mwenzangu wa umeme, usisubiri kikao. Pakua programu moja usiku huu, chora fida ya kijijini kwenu kwa makadirio, uiwekee namba, na pembeni ya kila namba andika neno "kwa sababu". Utakapokwama kulimalizia, hapohapo ndipo pa kumpelekea mhadhiri swali.